Ngoja Giza: Namna ya Kutafuta Mahali na Usiku wa Kutazama Nyota Ukiwa Mji Mdogo

Mara ya kwanza nilipowachukua wageni kutazama nyota Pangani, nilichagua siku kwa kufuata ratiba ya kazi. Ilikuwa Jumamosi, maana Jumapili hakuna anayedaiwa kuamka mapema. Walitoka Dar es Salaam asubuhi, tukala samaki, jioni tukabeba mikeka na darubini ya kuazima hadi ufukweni. Ilipofika saa mbili usiku mwezi mpevu ulikuwa umeshapanda juu ya bahari na mchanga unang'aa hadi tunaonana nyuso. Nyota tulizoziona hazikuzidi zile ambazo wangeziona wakiwa barazani kwao Kinondoni.

Mzee mmoja alikuwa ameegemea mashua iliyopandishwa mchangani, anashona nyavu kwa mwanga huohuo wa mwezi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza hilo bomba tumelileta la nini. Nilipomweleza alicheka. "Nyota usiku wa mwezi mkubwa, mwanangu? Sisi wenyewe si unatuona tumekaa nchi kavu. Ngoja giza."

Tangu siku hiyo sipangi safari ya nyota kabla sijajua wavuvi wa dagaa wanatoka lini. Nami nawaandikia wenzangu wanaoishi miji midogo, au wanaorudi nyumbani likizo wakatamani kuwaonyesha watoto anga. Nitazungumza kwa mfano wa Pangani kwa kuwa ndipo ninapopajua. Ukiwa Kilwa, Kondoa au Lodwar, badilisha majina ya mahali na upepo. Mengine mengi yatakufaa.

Usiku kwanza, mahali baadaye

Wavuvi wa dagaa huwasha taa majini, zamani karabai na siku hizi taa za betri, ili samaki wapande kuufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa bahari nzima ina mwanga, na taa ya mvuvi haina kazi tena. Ndiyo maana hugawa mwezi wao kwa giza na mbalamwezi: giza ni kazi, mbalamwezi ni mapumziko na kushona nyavu. Mtazama nyota anafuata kalenda hiyohiyo, na kwa sababu ileile.

Kalenda yenyewe unayo ukutani. Tarehe za mwezi wa Kiislamu zinafuata mwezi wa angani, kwa hiyo zinakueleza hali ya usiku kabla hujachungulia dirishani. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi kumi na nne huchomoza wakati jua linatua; ikifika tarehe 20 huchomoza karibu saa tano usiku. Mwezi mchanga nao, hadi tarehe 4, huzama mapema, kabla ya saa nne. Basi kuanzia tarehe 20 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, saa za mwanzo za usiku ni zako. Siku zilizo bora zaidi ni kuanzia tarehe 26 hadi 2, ambapo unaweza kukaa muda mrefu bila kuharakishwa na mwezi.

Jua likitua usikimbilie kutandika mkeka. Huku kwetu karibu na ikweta machweo ni ya haraka, lakini mwanga wa mwisho wa jua hukaa angani kwa kama saa moja na robo. Hesabu kwamba giza kamili linaanza karibu saa moja na nusu hadi saa mbili, kulingana na msimu.

Mtu wa pwani ana hesabu moja zaidi. Siku za mwezi mwandamo ni siku za bamvua, na katika pwani yetu bamvua hupwa karibu saa nne usiku na kujaa karibu saa kumi alfajiri. Hilo ni jema na ni baya. Ni jema kwa sababu saa unayoihitaji, ufuko umefunguka mpana na mbali na taa za nyumba. Ni baya kwa anayesinzia, kwa sababu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3, nayo hayabishi hodi. Ukitaka kukesha, tandika juu ya mstari wa mwani mkavu, ambao ni alama ya mahali maji yalipoishia.

Uupe mji kisogo

Ukishajua usiku, ndipo uchague mahali. Watu hudhani lazima wasafiri mbali, kumbe mkazi wa mji mdogo mara nyingi anahitaji mwendo wa nusu saa tu, ilimradi aende upande sahihi. Kanuni ni hii: mji uwe nyuma yako, na sehemu ya anga unayoitaka iwe mbele.

Pangani mjini ipo ukingo wa kaskazini wa mto, pale unapomwaga baharini. Nyota ambazo mgeni kutoka Ulaya hawezi kuziona kwao, zile za kusini, hupita upande wa pili wa mto. Ukienda kukaa kaskazini ya mji, njia ya Mkoma, taa za mji zitakuwa kusini, palepale unapopahitaji. Ukivuka kwenda upande wa Bweni mambo hugeuka: mji unabaki mgongoni, mbele yako ni pwani inayoelekea Ushongo na Saadani, yenye taa chache, na kushoto ni Bahari ya Hindi. Kwa nyota za kaskazini, fanya kinyume chake, ukijua kwamba mng'ao wa Tanga, kama kilomita 50 kutoka hapo, utaonekana karibu na upeo kama alfajiri isiyofika.

Ili kupata kusini, huna haja ya dira. Makka iko karibu kaskazini kamili ya pwani yetu. Tofauti haifiki nyuzi 2. Simama kama unaelekea kibla, kisha geuka nyuma: hapo ndipo kusini. Msikiti wowote wa hapa ni dira ya mawe.

Kanuni ya pili: taa moja ya karibu ni adui kuliko mji mzima wa mbali. Balbu nyeupe ya duka, hatua 50 kutoka ulipo, inakufanya kipofu. Mji ulioko kilomita 10 unaharibu kipande tu cha chini cha anga. Kwa hiyo tafuta kitu cha kukukinga. Ukuta wa ghala, kichaka cha mikoko, au tuta la mchanga vyote hufaa. Walioko bara hupenda kupanda kilimani, na huko juu wanaona taa zote za mji. Heri kukaa nyuma ya kilima, mji ukiwa upande wa pili.

Kanuni ya tatu: nenda mchana kwanza. Mchana ndipo utakapoona shimo, seng'enge na njia ya ng'ombe. Ndipo utakapogundua pia kwamba mahali ulipopapenda pako chini ya minazi. Usilale chini ya mnazi kamwe. Nazi haichagui kichwa. Mashamba ya mkonge ni tambarare na yana anga pana, lakini yana wenyewe, na kila jani linaishia na mwiba mgumu ambao gizani unaweza kuwa sawasawa na jicho la mtoto. Omba ruhusa, kisha ubaki barabarani. Kando ya mto usikae. Pangani ina mamba.

Utajuaje kama mahali ni pazuri kweli? Ziulize nyota zenyewe. Kati ya Aprili na Julai tazama Salibu, yaani Msalaba wa Kusini. Nyota nne huonekana hata mjini. Ya tano, ndogo, iliyojibanza ndani ya msalaba, ndiyo kipimo: ukiiona bila shida, anga yako ni nzuri. Ukiona pia doa jeusi ubavuni mwa msalaba, kama mtu amemwaga wino juu ya Njia Nyeupe, umefika mahali pazuri sana. Doa hilo ni wingu la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Kati ya Novemba na Machi pima kwa Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Nyota sita ni kawaida. Saba au zaidi, shukuru.

Upepo, mvua na moshi

Kilimia wazee hawakukitazama kwa starehe. Jina lenyewe linatokana na kulima, na walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jaribu kukifuatilia mwaka mmoja uone. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika, kinapotea magharibi pamoja na jua linalotua. Juni kinarudi mashariki kabla ya alfajiri, na mvua zimekatika.

Masika, basi, ni msimu wa subira, ila usiudharau kabisa. Mvua huosha vumbi na moshi, na usiku mmoja mweupe kati ya siku mbili za mvua unaweza kuwa bora kuliko wiki nzima ya ukame. Kusi likikaza, Juni hadi Agosti, hewa inapoa na nyota zinakata, ingawa pwani vipande vya mawingu huingia kutoka baharini na kupita. Usifunge mkeka kwa wingu la kwanza. Lipe robo saa. Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba kabla ya vuli, na moshi unalaza nyota zote zilizo chini. Kaskazi huleta joto na ukungu mwembamba karibu na upeo, lakini utosini anga hubaki safi.

Walioko Dodoma, Singida na maeneo kama hayo wana bahati yao. Mvua zao zikikatika Mei, wanaweza kupata miezi ya anga kavu mfululizo. Adui wao ni vumbi na baridi, wachukue blanketi.

Macho yanahitaji nusu saa

Kifaa cha kwanza ni jicho, nalo lina masharti. Ukitoka kwenye mwanga, mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini chembe za ndani zinazoona gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kujitayarisha. Dakika tano za kwanza utadhani umedanganywa. Vumilia. Kufika nusu saa, nyota zitakuwa zimeongezeka hadi utatafuta nafasi tupu kati yake.

Maandalizi hayo huharibiwa na sekunde moja ya skrini ya simu. Mkubaliane kabla ya kuketi: simu mfukoni. Mwanga mwekundu ndio usioumiza sana, kwa hiyo funga tochi kwa tabaka mbili tatu za kanga nyekundu, au karatasi nyekundu ya nailoni ya kufungia zawadi. Programu ya Stellarium inasaidia kutambua nyota, lakini washa kwanza hali yake ya usiku, skrini iwe nyekundu.

Kuna pia ujanja wa wazoefu. Kitu hafifu usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho ni kwa kusomea na kuonea rangi, pembeni ni kwa giza. Kitu kilichopotea ulipokilenga kitajitokeza ukijifanya hukitaki.

Kuhusu darubini, usianze na ile ya miguu mitatu. Anza na ya kushika mkononi, ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kwa nyota upana ndio mali. Anayekuuzia darubini ndogo kwa kusifu kwamba inakuza mara 500, mshukuru uondoke: kikomo cha maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya upana wa kioo. Pwani umande wa chumvi hutua juu ya vioo. Usifute kwa shati. Acha vikauke, kisha tumia kitambaa laini cha miwani.

Majirani nao wana macho

Mji mdogo haulali wote. Mtu anayekaa porini usiku wa giza, hana nyavu wala mbwa, kashika bomba, kwa jirani ana maelezo mawili tu: ni mwizi au anaroga. Usicheke, wewe mwenyewe ungewaza nini? Pita mchana kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mweleze mnakwenda wapi, wangapi, na mtarudi saa ngapi. Vijana wa ulinzi wakijua, watakuja kuwaamkia badala ya kuwakurupusha. Afadhali zaidi, waalikeni. Mlinzi aliyeona milima ya mwezi kwa darubini hatakusumbua tena. Atakuuliza mnarudi lini.

Msiende mtu mmoja, na akina dada waende kwa kundi. Vaeni viatu vilivyofunika mguu kwa ajili ya nyoka, mikono mirefu na dawa kwa ajili ya mbu, hasa karibu na mikoko. Chupa ya chai ya tangawizi haimo kwenye vitabu vya elimu ya nyota, lakini ndiyo huwabakiza watu hadi saa tano.

Utazame nini?

Pangani iko nyuzi 5 na nusu hivi kusini ya ikweta, na hapo ni kama kiti cha katikati: karibu nyota zote, za kusini na kaskazini, hupita mbele yako ndani ya mwaka. Inayokosekana ni ile ya kaskazini isiyohama, ambayo huku imezama chini ya upeo.

Kwa kupima anga, nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, tazama kusini uhesabu ngumi tatu na nusu kutoka upeo. Hapo ndipo Salibu. Kushoto kwake nyota mbili kali zinaielekea. Ile ya mbali zaidi na msalaba ni Alfa Sentauri, jirani wa jua letu. Mwanga unaouona uliondoka kule miaka 4 na zaidi iliyopita.

Julai, karibu saa nne na nusu usiku, Nge amepanda juu sana upande wa kusini, moyo wake mwekundu na mkia umepinda kama ndoana. Njia Nyeupe inapita hapo ikiwa pana kuliko popote, kwa sababu unatazama kiini cha kundi letu la nyota. Mwisho wa Agosti huna haja ya kusubiri: kiini hicho kiko juu mara tu giza linapokamilika, na watoto hawajalala.

Novemba geukia kaskazini. Galaksi ya Andromeda huonekana kama pumzi juu ya kioo, na mwanga wake umesafiri miaka milioni 2 na nusu. Katikati ya Desemba kaa ufukweni ukielekea bahari: nyota tatu za mkanda wa Jabari huzuka mashariki kamili jioni inapoingia, zimesimama moja juu ya nyingine. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 mwezi huohuo acha darubini nyumbani ulale chali. Ndio usiku wa vimondo vya Mapacha, navyo huongezeka baada ya saa nne. Januari na Februari, kusini, utaiona Suheli, ambayo mabaharia wa pwani waliitegemea hadi jina lake likawa jina la upande wa kusini. Chini yake, kama ngumi mbili na nusu kutoka upeo, kuna wingu dogo lisilohama na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine kabisa.

Sayari hazina msimu mmoja. Ukiona nyota kali isiyopepesa, yaelekea ni Zuhura au Mshtarii. Egemeza darubini ya mkononi kwenye mti au ukuta, uilenge Mshtarii: nukta ndogo ubavuni mwake, hadi nne, ndiyo miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Giza nalo hulindwa

Barabara ya lami ikija, taa huja nayo, na hakuna mwenye akili atakayezikataa. Lakini taa inayomwaga mwanga juu inawaangazia popo. Ukiwa na nyumba ya wageni, duka au uwanja, ifunike balbu juu ili mwanga uanguke chini, tumia ya rangi ya njano badala ya nyeupe kali, na zima isiyo na kazi. Umeme utapungua, mgeni ataona njia vizuri zaidi kwa kuwa taa haimpigi machoni, na nyota zitabaki.

Wageni wangu walirudi miezi miwili baadaye, safari hii siku ya Jumanne, tarehe 28 ya mwezi. Walilalamika kuomba ruhusa kazini. Tulipofika ufukweni jambo la kwanza nililotafuta halikuwa angani. Nilitazama pale ilipokuwa mashua ya yule mzee. Haikuwepo, kulikuwa na mkwaruzo tu mchangani ukielekea majini, na mbali kule mstari wa taa. Nikawaambia watandike mikeka.